Kamera ya Tuombe

Siku hizi vijana wakija kwangu hawakosi kuniuliza swali lilelile: ninunue kamera ya filamu, ile kubwa ya kizamani, au ninunue ya dijitali? Wanaliuliza kwa uzito, kama watu wanaotaka kuoa. Mimi huwacheka kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyo, halafu huwaambia kwamba swali hilo nililijibu kabla dijitali haijatia mguu Kawangware. Nililijibu katika miaka ya tisini, nikiwa nimesimama ndani ya studio ndogo pale kituo cha matatu cha 56, kamera mbili zikiwa mezani na kila mtu akiniambia nichague ile nyingine.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kati ya saluni na duka la misumari na rangi. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ndege, na akina mama walipenda kusimama hapo ili jamaa zao nyumbani wadhani wamekaribia kusafiri. Kando ya mlango kulikuwa na kioo, kitana, koti moja na tai moja. Koti hilo lilivaliwa na nusu ya wanaume wa Kawangware kwenye picha zao za kitambulisho, wanene kwa wembamba. Mimi niliingia pale kama mfagiaji. Baada ya mwaka nilikuwa napokea wateja, na baada ya miaka mitatu nilikuwa naosha picha kwenye chumba cha giza, mikono ikinuka dawa hata nikiwa nakula.

Mwenye studio alikuwa mzee kutoka Magharibi kama sisi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kukataa kazi, akaamua kurudi nyumbani akalime. Asubuhi moja alituita sisi wafanyakazi wake wawili, mimi na kijana mmoja wa mtaa uitwao Raila, kule Kibera, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka makanisani na Soko la Toi akipiga watu picha. Mzee akaweka kamera mbili mezani.

"Nyinyi wawili mmenifanyia kazi bila kuniibia," alisema. "Kila mtu atatoka na moja. Msichana ndiye alianza kuja hapa, kwa hivyo yeye achague kwanza."

Nikamwona yule kijana akimeza mate.

Kamera ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndogo, ya kisasa. Ilikuwa na flashi, na lenzi ya kuvuta mtu wa mbali aje karibu, na ukibonyeza ilijizungushia filamu yenyewe kwa mlio wa kujisifu. Ilipiga picha thelathini na sita kabla ya kuchoka. Ya pili ilikuwa kama sanduku. Ilikuwa na macho mawili usoni, moja juu ya lingine, na haikuwa na betri wala flashi. Uliitundika shingoni ikalala tumboni, ukafungua kifuniko cha juu, ukainamisha kichwa kutazama ndani, na hapo kwenye kioo ukaona dunia imegeuzwa: anayekwenda kulia anakwenda kushoto. Ilipiga picha kumi na mbili tu, za mraba, halafu kwisha. Mwanga ulilazimika kuupima kwa macho yako mwenyewe.

"Chukua ndogo," mzee alininong'oneza. Hata yeye!

Lakini mimi ndiye niliyekuwa naosha picha, na nilijua jambo ambalo wao walikuwa wamelizoea hadi hawalioni. Filamu ya kamera ndogo, ukiishika kwenye taa, kila picha ni kama stempu. Filamu ya lile sanduku ni pana kama kiganja cha mtoto. Kuna siku nilikuwa nimeshika filamu ya babu mmoja aliyepigwa akiwa amekaa, na kabla hata sijaihamishia kwenye karatasi niliona uzi uliokuwa unachomoza kwenye kifungo cha koti lake. Uzi! Tangu siku hiyo nililipenda lile sanduku kwa wivu, kama mtu anavyompenda mchumba wa mwenzake.

Halafu kuna tabia yangu. Mimi mtu akinisukuma kulia, naenda kushoto. Labda ndiyo sababu nilielewana na kamera inayogeuza mambo.

"Nataka hii," nikasema, nikalishika sanduku.

Kijana wa Raila alitoa macho, kisha akacheka hadi meno ya nyuma. "Aki wewe umechizi," alisema. "Lakini asante sana, beshte. Mungu akubariki na hiyo mbao yako."

Mama yangu hakucheka. Yeye alikuwa akifua nguo za watu kule Lavington kwa matajiri, akitoka nyumbani na beseni lake kabla jua halijachomoza, na tayari alikuwa amenitafutia nafasi kwenye nyumba jirani na anakofua. Nilipofungua mfuko nikamwonyesha zawadi yangu, alikaa kitandani.

"Nyasaye wangu, Mungu wangu! Umepewa ng'ombe, wewe ukachukua kengele."

"Mama, hii inaona vizuri kuliko ile."

"Inaona nini? Kijana wa watu atakuwa anapiga harusi tatu na wewe bado unachungulia tumbo lako."

Tukaelewana hivi: mwenye ile nyumba ya Lavington angenisubiri kidogo tu. Nisipopata kazi ya maana kwa kamera yangu, naacha mambo ya picha na tunakwenda kufua pamoja. Sidharau kufua, kufua kulinilea. Ila nilikuwa nimeona vidole vya mama vilivyopasuka kwa sabuni na maji baridi, na nilikuwa nimeonja kazi ambayo mtu anakupa uso wake uushike. Sikutaka kurudi nyuma, na niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa.

Wiki za kwanza zilinitoa jasho. Nilitembea Kibera nzima na sanduku tumboni. Pale Toi msichana mmoja alitaka nimpige akijaribu koti la mitumba, lakini nilipomaliza kupima mwanga alikuwa ameshalivua, amelirudisha na ameondoka. Kule mtaa wa Raila nilimpiga picha mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na picha ilipotoka alikuwa amefumba macho. Nikampiga tena, akafumba tena. Nilidhani ni jua. Nilimlaumu yule mama mwenyewe, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu, kwa sababu kosa halikuwa lake na mimi nilikuwa sijalielewa.

Halafu ikaja habari ya kwaya.

Mama aliimba kwenye kwaya ya akina mama ya kanisa moja la Kibera. Kila Jumapili alitembea kutoka Kawangware hadi huko kwa sababu lilikuwa kanisa la watu wa kwetu na la watu wa ziwani, na nyimbo alizijua tangu utotoni. Alisimama mstari wa nyuma kabisa, mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa ana sauti nzito na kwa kuwa si mtu wa kujisukuma mbele. Kanisa lilikuwa limepata ukuta mmoja wa mawe, na akina mama wakaamua kwamba kwenye ukuta huo itundikwe picha yao, kubwa kama meza, ili hata wakifa wajulikane kwamba waliimba. Kazi walimpa kijana wa Raila. Nani angewalaumu? Alikuwa na kamera ya kisasa na alikuwa mtoto wa pale pale.

Siku picha ilipoletwa nilikuwepo. Akina mama walivua viatu ili wapande viti waione vizuri. Mstari wa mbele ulikuwa si mbaya. Mstari wa pili nyuso zilikuwa zimeanza kulegea. Kuanzia wa tatu kwenda nyuma ilikuwa uji. Ilimlazimu asimame mbali ili wote waingie, na kile kipicha cha stempu kilipovutwa kikawa kama meza, nyuso zilivunjika zikawa punje.

"Mimi niko wapi?" mmoja akauliza.

"Wewe ni hii hapa."

"Hii ni mimi ama ni nzi?"

Mama yangu alisogea polepole, akaweka kidole kwenye doa moja juu kushoto. "Nafikiri hii ni mimi," alisema. Akafikiri kidogo, akahamisha kidole kwenye doa la pili. "Ama hii."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyezoea. Mimi ndiye niliyepandwa na hasira, hadi masikio yakawa moto.

Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mpana kutoka upande wa ziwa mwenye sauti ya kusimamisha lori, alimgeukia mama. "Si msichana wako ako na ile sanduku?"

"Hiyo sanduku haina kazi," mama akajibu.

"Itakuwa na kazi Jumapili," nikasema, na kanisa lote likanigeukia. "Nitawapiga, na kila mtu atajiona. Asiyejiona asinilipe."

Njiani kurudi mama alitembea mbele yangu hadi tulipokaribia nyumbani. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Hii picha ikikataliwa, Jumatatu yake ni Lavington. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nilikuwa na filamu moja tu, ya mwisho kati ya zile alizonipa mzee. Picha kumi na mbili.

Jumapili ilifika na jua zuri, lenye wingu jembamba mbele yake. Akina mama walitoka ibadani na majoho yao ya zambarau na vitambaa vyeupe kichwani, wakajipanga kama walivyozoea, mistari mirefu. Nikakataa. Mistari mirefu ni ya picha ndefu, na yangu ni mraba. Nikawapeleka nyuma ya kanisa, upande wa reli, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, nikawapandisha safu juu ya safu. Mstari wa nyuma sasa ukawa juu ya wote. Mama yangu alisimama kileleni akinitazama kwa wasiwasi, mkono kwenye kola.

Yule kijana wa Raila alikuwa amekuja kutazama. Alikaa kwenye jiwe akitafuna muwa, kamera yake shingoni, bila haraka.

Nikafungua kifuniko. Nikaishika kamera kwa mikono miwili tumboni, nikainamisha kichwa nitazame kwenye kioo. Nikaona vitambaa vyeupe vitupu. Hapakuwa na uso hata mmoja. Nikadhani nimekosea, nikainua kichwa: nyuso zote zilikuwa pale, zinanitazama. Nikainamisha tena. Vitambaa! Kwaya nzima ilikuwa imeinamisha vichwa na kufumba macho, na kutoka katikati nikasikia sauti ya mwenyekiti ikianza, tulivu kabisa:

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa jua hili umetupatia..."

Hapo ndipo niliposhika. Mtu anasimama mbele ya watu wa kanisa, anaunganisha mikono tumboni, anainamisha kichwa na kunyamaza. Wangefanya nini? Walidhani ninasema tuombe! Na yule mama wa omena, maskini, mara zote mbili alikuwa akiomba pamoja nami.

Kijana wa Raila alianguka kutoka kwenye jiwe lake. Kweli alianguka, muwa ukaenda huko. "Tuombe!" alipiga kelele akishika mbavu. "Kamera ya tuombe!"

Sasa mimi nimelelewa na mama yangu, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kukatiza maombi akabaki na amani. Nikabaki nimeinama pale, nikatazama vile vitambaa kwenye kioo hadi mwenyekiti akamaliza kumshukuru Mungu kwa jua, kwa serikali na kwa wagonjwa. Wakasema, "Amina." Na nyuso zote zikainuka kwenye kioo kwa mara moja, kama taa zilizowashwa na swichi moja.

Sikubonyeza. Nilishangaa tu.

Nikawaeleza. "Mama zangu, mimi siombi, mimi naangalia. Nikiinama, nyinyi msiiname. Niangalieni tu."

"Sawa," wakajibu wote.

Nikainama. Nusu wakainama. Waliobaki wakawacheka walioinama. Nikabonyeza, najua nimeharibu. Tukajaribu tena, safari hii hawakuinama ila watano walifumba macho kwa mazoea. Nikabonyeza. Mara ya tatu walijikaza sana wasifumbe, wakanitolea macho kama watu waliofumaniwa, na mmoja akapiga chafya. Picha tatu zilikuwa zimekwenda. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na kule juu nilimwona mama ametazama chini, si kwa maombi. Alikuwa anaona aibu kwa ajili yangu.

"Nikusaidie?" kijana wa Raila akaniuliza, na nadhani alikuwa na nia njema. "Hii yangu unaangalia mbele, hawawezi changanyikiwa."

Hilo ndilo lililonizindua. Kwani nani alisema wasichanganyikiwe? Mimi nilikuwa nimeziona zile nyuso baada ya amina. Hakuna aliyekuwa amefumba, kwa kuwa wote walikuwa wametoka kufumba. Hakuna aliyekuwa amekaza shingo wala kubana midomo. Zilikuwa nyuso za watu waliotua mzigo.

"Basi," nikasema kwa sauti, "tuombe kweli."

Mwenyekiti akanitazama, akaelewa kabla sijamaliza. Akainamisha kichwa. Mimi nikainama. Wote wakainama. Hata kijana wa Raila alivua kofia.

"Mungu, tubariki. Amina," akasema mwenyekiti.

"Amina!" ukajibu mteremko mzima. Nikangoja midomo ifumbwe, nikahesabu pumzi moja, nikabonyeza. Lile sanduku halina kelele, hufanya tu *tik*. Nikazungusha filamu kwa mkono. "Tena." Tuliomba mara tisa mchana ule nyuma ya kanisa, maombi mafupi mafupi, na kila baada ya amina nilipata nyuso zote. Filamu ilipokwisha nikaitoa, nikaitia mfukoni.

Mzee alikuwa bado hajasafiri, na chumba cha giza kilikuwa bado chetu. Nikaiosha filamu mwenyewe, nikaitundika, ilipokauka nikampa. Akaiweka juu ya taa, akainama na kioo chake cha kukuzia, akaipitia safu kwa safu. "Hesabu macho," aliniambia hatimaye, akanipisha. Nikahesabu akina mama arobaini na sita katika kipande kimoja cha filamu, macho yote wazi. Mzee akanipa mkono kama anavyompa fundi mwenzake. Sikulala vizuri wiki ile, lakini sasa ilikuwa kwa furaha.

Duka la picha mjini waliivuta ikawa kubwa kama meza. Jumapili iliyofuata niliipeleka imefunikwa leso, nikaiegemeza kwenye ule ukuta wa mawe, nikaifunua, nikarudi nyuma.

Kwanza walisogea, wakinyoosha shingo. Kisha mmoja akasema, "Mimi huyu!" na kanisa likalipuka. Mimi huyu! Mimi huyu hapa! Vigelegele vilitoka hadi watu waliokuwa wakipita relini wakasimama kutazama. Walijiona hadi vitu ambavyo hawakutaka kuviona: mmoja aliona kifungo kinachokosekana, mwingine kiraka alichodhani amekificha, na wawili wakaanza kugombana kwa kicheko ni nani amezeeka zaidi. Mwenyekiti alijisimamia mbele, mikono kiunoni, akatangaza kwamba huo ndio uso wake kamili na asiyeupenda ahame kanisa.

Mama alingoja wote wamalize. Ndivyo alivyo. Halafu akasogea, akapanda kiti, akatazama mstari wa juu. Hapakuwa na haja ya kukisia. Alikuwa pale, na alama nyeusi kidevuni, na pini aliyofungia kola yake, hata pini ilionekana. Aliweka kidole kwenye kioo cha fremu na hakukiondoa.

"Mama," nikamwita.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Bibi yangu alifariki kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kumpiga picha hata moja. Mama hakuwahi kuniambia wanafanana. Nadhani hakujua. Alisimama juu ya kile kiti, machozi yakimtiririka, akicheka pia, na akina mama wakamzunguka wakaimba bila kuambiwa. Mimi nililia waziwazi, na sikutafuta mahali pa kujificha.

Kijana wa Raila alinifuata nje. "Nimekubali," alisema. "Lakini harusi mtu anakimbia kimbia, hizo ni zangu."

"Chukua harusi," nikamwambia. "Niachie kwaya." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi: yeye alishika wanaokimbia, mimi nikashika wanaosimama. Kabla ya wiki kwisha kwaya tatu za Kibera na mbili za Kawangware zilikuwa zimemtuma mtu kwangu, na wote walisema wanataka ile ya tuombe.

Jumatatu, kesho ya ile siku niliyoifunua picha, mama aliniamsha mapema. Nikadhani Lavington haijasahaulika. Nikatoka nje nikamkuta kwenye ua wa ploti, beseni lake chini, na juu ya nguo zake za kazi amevaa joho la zambarau. Jirani alikuwa akichota maji.

"Unampeleka kufua leo?" jirani akamuuliza.

"Huyu hafui," mama akasema. "Huyu anaosha picha."

Kisha akanigeukia. "Kwa ile ingine tuko wengi. Nataka yangu, peke yangu, kabla nichelewe kazini."

Nilikuwa nimetia filamu mpya, ya kwanza kununuliwa kwa pesa za kwaya. Nikalitundika sanduku shingoni, nikafungua kifuniko, nikainamisha kichwa, na mama yangu akainamisha chake.

"Amina," akasema, akafungua macho.

Nikabonyeza.